Mtu mzima asiyejua kuogelea kabisa aanzie wapi? Nipo Mwanza

Msafiri_Nansio
Wakuu, habari za leo. Kazi yangu ni Mwanza na Ukerewe, nenda rudi, na majini sijui hata kuelea. Nina miaka 36. Nikiuliza, huyu ananiambia nianze na mikono, yule miguu, mwingine anasema jitupe tu, maji yenyewe yatakufundisha. Mwenye ujuzi naomba anipangie hatua. Ziwani panafaa au nitafute bwawa? Na yale maboya ya kuvaa mikononi yanasaidia?

Kocha_Asubuhi
Mkuu, karibu. Mikono na miguu iache kwanza, anza na pumzi. Anayeogopa maji hubana pumzi, na ukibana, hewa chafu inajikusanya mwilini. Hiyo ndiyo inayoleta ile hamu kali ya kuvuta hewa na taharuki, hata kama oksijeni bado inakutosha.

Tafuta bwawa ambalo sakafu yake inaonekana vizuri, usimame maji yakiwa kifuani, ushike ukingo. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso mpaka masikio yaingie, halafu itoe taratibu kwa pua na mdomo huku ukisikia mapovu. Itoe yote. Inua uso, vuta nyingine, rudi chini. Fanya mara 20 mfululizo bila kujipangusa uso. Hatua hii usiiruke hata kama unaona ni ya kitoto. Wengi wanaokwama mita 10 au 15 nguvu wanazo, ila hawakutoa hewa chini ya maji. Wakiinua kichwa wanataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, na haiwezekani.

Linalofuata ni kusimama, kabla ya kuelea. Ukiwa umelala kifudifudi, vuta magoti kifuani, sukuma maji kwenda chini kwa viganja, kanyaga sakafu, kichwa kiinuke mwisho. Ukitanguliza kichwa utatapatapa hata kwenye maji ya kiunoni. Ukishaweza, vuta hewa, kumbatia magoti, uso ndani. Utashuka kidogo, kisha mgongo wako utaibuka wenyewe. Hapo mwili ndio unaelewa kwamba maji yanabeba.

Kisha chali. Masikio yote mawili ndani ya maji, macho juu moja kwa moja, kiuno kipandishe. Usipumue kama umelala kitandani: toa haraka, vuta haraka, kaa na hewa sekunde 3 au 4, rudia. Mapafu yakikaa na hewa muda mwingi, unaelea.

Maboya ya mikononi mtu mzima achana nayo. Yanakuweka wima, na wima ndio mkao wa mtu anayezama. Ubao wa kuelea utaufaa baadaye, ukishaweza kujisukuma ukutani na kuteleza mita 3 hadi 5 mwili ukiwa umenyooka. Nenda mara tatu kwa wiki, dakika 40. Ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi peke yake. Na usiende bila mtu anayejua kuogelea aliye macho juu yako.

Msafiri_Nansio
Shukrani sana kocha. Nimeanza na pumzi imekubali. Tatizo ni chali: miguu inazama, kiuno kinafuata, naishia kusimama. Mwili wangu mwembamba, sina mafuta. Ndiyo sababu?

Fundi_Mbizi
Ni sehemu ya sababu. Mapafu yananyanyua kifua, lakini uzito wa mwili umekaa karibu na kiuno. Vitu hivyo viwili haviko mahali pamoja, kwa hiyo mwili unazunguka mpaka miguu inashuka. Wanaume wenye misuli ya mapaja ndio wanaoteseka zaidi. Dawa yake ni kunyoosha mikono nyuma ya kichwa, viganja vibaki ndani ya maji. Uzito unasogea upande wa kichwa na miguu inapanda. Ikigoma, kunja magoti kidogo, nyayo zining'inie. Na miguu ikishuka kidogo si kosa: pua na mdomo vikiwa nje, unaelea. Angalia pia shingo. Anayeinua kichwa ili aone vidole vyake anajizamisha mwenyewe.

Ukifika kwenye kupiga miguu, nguvu itoke nyongani, goti lilegee, na kifundo kinyooke. Wakimbiaji na wacheza mpira wana vifundo vikavu. Wanapiga miguu kwa nguvu zote na hawasogei, wengine wanarudi hata nyuma. Mwendo kama wa kuendesha baiskeli ndio mbaya kuliko yote. Kwenye kuvuta hewa ukiogelea kifudifudi, geuza kichwa pamoja na bega, usikinyanyue. Jicho moja libaki majini.

Bibi_Ziwa
Ndugu yangu, nikujibu la ziwani. Kwanza kichocho. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani palepale pembeni ambapo anayejifunza anasimama. Vimelea vinapita kwenye ngozi kwa dakika chache. Ukiwa umeshaingia, kapime na uwaeleze wahudumu ni lini uligusa maji, kwa sababu prazikuanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga. Kwa kawaida hungojwa wiki 6 hadi 8. Pili mamba: waulize wavuvi wa mwalo huo huo (pale mitumbwi inapotia nanga), kila mwalo una habari zake. Kwa hiyo bwawa kwanza, ziwa baadaye.

Upepo nao usiudharau. Alfajiri na asubuhi mapema unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Aliyelalia tyubu ya gari asubuhi anasukumwa nje taratibu, na anagundua akiwa mbali. Tyubu si ya anayejifunza.

Na kwa kuwa wewe ni msafiri, jaketi la kuokolea maisha lina umuhimu sawa na huko kuogelea. Kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, kwa hiyo kuiona nchi kavu kusikudanganye. Livae kabla chombo hakijaondoka, funga mikanda yote, kisha mwenzako alivute juu mabegani; likifika masikioni, halijakaza. Boti ya mbao ikipinduka kwa kawaida huendelea kuelea: ishikilie, usijaribu kuogelea kwenda ufukweni. Nguo usihangaike kuzivua, zikiwa majini hazikuvuti chini, vua viatu vizito tu.

Mtoto_wa_Pwani
Naongezea kwa wa Dar, Tanga, Unguja na Mombasa. Maji ya chumvi yanabeba zaidi kuliko ya ziwa, kuelea kunakuja upesi. Hatari iko kwenye mkondo. Jifunzeni siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, si bamvua, yanapojaa na kupwa sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, na saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kutoka ndipo yanapokimbia zaidi. Yanatokea kwenye mlango wa mwamba, yaani pengo kwenye mwamba wa matumbawe, na aliye karibu na mlango anakwenda nao. Ukivutwa usipigane na mkondo. Lala chali, pumua, kisha ogelea kuambaa na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo.

Dada_Stara
Na wanawake tunaotaka kujisitiri? Nguo ndefu hainizuii?

Kocha_Asubuhi
Haikuzuii, dada. Epuka pamba na kanga, zinajaa maji na kuvuta mikono. Chagua kitambaa cha kuogelea kinachobana, kinachofunika mpaka vifundoni na kichwani. Nungwi, mradi wa Panje umefundisha wasichana kwa mavazi hayo. Mabwawa mengine hutenga saa za wanawake, uliza mapokezi.

Fundi_Mbizi
La mwisho kwangu, na linawahusu hata wasioingia majini. Anayezama mara nyingi hapigi kelele; mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inabonyeza maji pembeni. Ana chini ya dakika moja. Usimfuate kwa mikono mitupu, atakupanda. Mrushie dumu. Lita 5 tupu lililofungwa vizuri linabeba karibu kilo 5, na mtu mzima aliye ndani ya maji anahitaji kiasi hicho tu kubaki na kichwa nje, mradi alikumbatie kifuani asilipande. Lifunge kamba ya mita 10 au zaidi, tia maji kidogo ndani ili liruke mbali, na ulirushe lipite juu ya bega lake ndipo ulivute kwake.

Akitolewa hapumui, msimbinue kichwa chini wala kumkamua tumbo. Matapishi yanaingia mapafuni na dakika zinapotea. Mlazeni chali, mfungueni njia ya hewa, mpeni pumzi 5 za mdomo, kisha mbonyeze kifua mara 30 na pumzi 2, mkirudia bila kusimama mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka, hospitali aende hata akisema yuko sawa.