Tupeane uzoefu: uliyewahi kupaka gari silanti mwenyewe nyumbani, yalikukuta yapi?

Mwana Raskazone
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Chumbageni hapa Tanga nikamkuta kijana anapaka gari jeusi silanti, ile dawa ya kupaka juu ya rangi iilinde na ing'ae, saa saba mchana, jua la kaskazi linawaka, nikashindwa kupita, nikasimama nikamwambia asogeze gari chini ya mwembe kwanza. Nikakumbuka yangu. Sie wa karibu na bahari gari ikilala nje asubuhi kioo kinanata chumvi, ndo mana nikanunua silanti. Nikaosha, nikakausha, nikapaka, imeng'aa kweli, ila nikipitisha kiganja nasikia vichembe kama mchanga. Nimefungia uchafu ndani! Nilikuwa sijasugua na ule udongo laini wa kusafishia rangi. Kabla ya kupaka vaeni nailoni ya mkate mkononi mpitishe juu ya bodi, vidole vinasikia kila punje. Haya, na wengine?

Pongwe Kwetu
Huku kwetu vumbi la chokaa, ukilifuta kavu ni sawa na kupiga msasa. Maji mengi kwanza jamani.

Kijana wa Duga
Maji mengi kabisa. Na ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia kitambaa.

Bwana Mdogo Sahare
Ngoja niseme maana hili limenikaa moyoni miaka mitatu. Kaka yangu ana Harrier nyeusi anaipenda kuliko chochote, akaombwa na ndugu iwe gari ya bibi harusi, harusi Jumamosi, Alhamisi kaniachia funguo akaenda Muheza, akasema ioshe vizuri tu. Mi nikataka nimfurahishe. Ijumaa asubuhi nikanunua silanti, nikaosha uani pale kwetu hakuna mti hata mmoja, nikaanza kupaka saa tano na nusu, boneti ukiweka mkono unautoa. Nikapaka nene nikijua ndo italinda zaidi, boneti, paa, milango yote minne kwa mpigo. Adhana ikaadhini nikaacha nikaenda swala ya Ijumaa. Narudi gari imekuwa nyeupe, wallahi kama ukuta umepigwa chokaa. Nafuta haitoki, kitambaa kinateleza juu tu, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi, jasho linadondokea kwenye rangi. Hapo ndo shetani akanipitia, nikaingia jikoni nikachukua steliwaya ya kusugulia masufuria. Mara mbili tu, mviringo, kwenye boneti upande wa dereva. Nyeupe ikatoka. Nikamwagia maji kuangalia, palipokauka pakawa kijivu, mistari kama nywele mamia. Nilikaa chini kwenye tofali nikalia, nilikuwa na miaka 24.

Dada wa Makorora
Steliwaya!! Ee Mungu wangu. Harusi ilikuwaje?

Ngamiani Barabara ya 12
Kaka alisema nini? Malizia mkuu usituache hapa.

Fundi Rangi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Silanti iliyokauka sana dawa yake ni silanti yenyewe. Unapaka tena kidogo juu ya ile iliyoganda, ikilainika tu unafuta hapohapo, kipande kidogo kidogo kivulini. Klia ya gari, lile tabaka angavu la juu ya rangi, haifiki hata unene wa karatasi ya daftari, steliwaya inaila yote ukizidisha. Na silanti haihitaji unene, ukipaka nyembamba ndo inashika vizuri, ile ya ziada unaifuta na kitambaa.

Kange Stendi
Mi natumia mafuta ya taa na kitambaa cha pamba, inang'aa vibaya mno, miaka kumi sasa.

Fundi Rangi Mstaafu
Kinachong'aa ni mafuta. Kesho vumbi lote limegandia hapo, na mpira wa milango unaharibika. Usiwafundishe watoto hivyo shekhe.

Kange Stendi
Gari langu linapita Pangani kila wiki na rangi ipo. Wewe endelea na silanti zako.

Ngamiani Barabara ya 12
Jamani kaka alisema nini??

Mzee wa Nta
Mimi nasimama na nta. Ile ya karnauba inatoka kwenye majani ya miti jamii ya mitende ya Brazil, gari jekundu ukilipaka linakuwa na kina kama maji. Silanti inang'aa kama kioo lakini haina joto.

Kijana wa Duga
Mzee wangu nta kwa jua letu inaisha wiki chache tu. Silanti nimepaka kabla ya masika, mpaka vuli inaingia maji bado yanafanya matone.

Dada wa Makorora
Na nyie mnaooshea nyumbani wote, vijana wa kuosha magari wale nini?

Kijana wa Duga
Dada wale wanafuta gari kumi na kitambaa kimoja. Siwachukii, ila rangi ni yangu.

Dada wa Makorora
Mdogo wangu anaosha magari na ana vitambaa vyake safi. Usiwaweke wote kapu moja.

Kijana wa Duga
Samahani dada, kweli nimekosea hapo.

Bwana Mdogo Sahare
Narudi. Usiku ule nikamtafuta fundi jirani, akasugua na kompaundi, ile dawa ya kulainisha mikwaruzo, na mashine mpaka saa sita usiku, mistari ikapungua. Mpambaji asubuhi nikamwomba shada kubwa aliweke upande wa dereva badala ya katikati, hakuuliza. Harusi ikapita. Jumapili nikamwambia kaka mwenyewe, sikutaka aone kwanza. Akapiga magoti mbele ya gari akapitisha kidole pale, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia "ungenipigia simu." Basi. Bora angenipiga. Boneti nikalilipia klia upya miezi minne. Mpaka leo jioni jua likitua linapiga kwa upande, mi napaona pale, wengine hawaoni.

Pongwe Kwetu
Dah. Pole kaka.

Mwana Raskazone
Umefanya vyema kumwambia. Sasa swali, kwa hewa yetu hii ya unyevu silanti mnaisubiri muda gani kabla ya kufuta? Chupa inasema dakika 15, mi nusu saa bado inaacha ukungu.

Fundi Rangi Mstaafu
Achana na saa. Pitisha kidole, kikiacha njia safi futa. Kisha usiipe maji mpaka kesho yake.

Dada wa Makorora
Nina Vitz nyeupe Jumamosi nataka kujaribu. Nani ana udongo wa kusugulia aniazime kipande, nina kivuli cha mwarobaini mzima.

Bwana Mdogo Sahare
Ninao dada. Ntakuletea saa moja asubuhi, tuanze kabla jua halijapanda.