Ijumaa ya mazimwi Masaya: gumzo la kikundi cha Wajukuu wa Bibi

IJUMAA USIKU

Mama Mkubwa: Rehema mwanangu, nimeona picha yako. Hilo fuvu ulilolikumbatia ni la nini? Si umekwenda kusoma kilimo?

Rehema: Shikamoo Mama Mkubwa. Si fuvu la mtu, ni karatasi tupu 😊 Chuo kimefunga siku chache, nimevuka mpaka kutoka Costa Rica. Niko Nikaragua, mji wa Masaya, kwao na Lucía tunayesoma naye. Leo Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, usiku kuna Los Agüizotes. Watu wanatoka barabarani wamevaa mazimwi yote ya hadithi zao. Mama yake Lucía anatengeneza vinyago hapa uani.

Mama Mkubwa: Marahaba. Wanayaabudu?

Rehema: Hapana Mama Mkubwa. Ni Wakatoliki. Sherehe za mtakatifu wao Jerónimo zilianza Septemba na zinaendelea mpaka mwanzoni mwa Desemba, huu ni usiku mmoja katikati yake. Hapaabudiwi kitu, ni tarumbeta, ngoma na kutishana.

Juma: Si ndiyo Halloween hiyo, dada?

Rehema: Siyo Juma, na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Hapa huoni boga la plastiki. Kila zimwi linalopita lina jina, lina kwao, na ukiuliza lilitoka wapi unaambiwa habari ya mtu aliyedhulumiwa. Nimekaa na mama Lucía tangu asubuhi nabandika karatasi na yeye anasimulia. Sijapata darasa kama hili.

Mjomba Hamisi: Assalaam aleikum wote. Rehema, hebu eleza kinavyotengenezwa hicho kinyago. Hapa Mtwara nina watu wangu wanataka kujua.

Rehema: Waaleikum salaam Mjomba, shikamoo. Kwanza anafinyanga sura kwa udongo: pua, mashimo ya macho, meno. Ukishakauka anabandika juu yake vipande vya karatasi kuukuu, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya wanga. Anaanika juani. Kikishakuwa kigumu anakibandua kwenye udongo, anakata kingo, anapaka rangi. Mimi nimebandika changu, vidole vimeshikamana mpaka sasa hivi. Huo udongo unabaki, mwakani anautumia tena.

Rehema: Kuna na vya aina nyingine, vya wavu wa waya kama wa chekeche. Vimechorwa sura ya Mzungu: mashavu ya waridi, macho ya buluu, masharubu yamepindwa. Hivyo ni vya ngoma za mchana. Babu zao walikuwa wanamwiga Mhispania mbele yake mwenyewe na yeye anapiga makofi.

Mjomba Hamisi: Wamakonde nao wana midimu, vinyago vyao vya ngoma, yenye sura za Wazungu. Shangazi yenu kasoma ujumbe wako kacheka sana. Anasema kwao Newala hata ukimjua mchezaji kwa miguu yake, jina lake hulitamki.

Rehema: Mwambie shangazi hapa kinyago kimewahi kuokoa watu. Februari 1978 mtaa wa Monimbó, ndiko niliko, uliinuka dhidi ya Somoza, yule dikteta. Ni mtaa wa wenyeji wa asili, mafundi wa viatu, machela na vinyago. Vijana walivaa vile vinyago vya waya vya ngoma askari wasiwajue nyuso, mkononi wana mabomu ya kujitengenezea. Hata mwaka 2018 Monimbó ikaweka vizuizi barabarani tena, na

Mjomba Hamisi: Hayo ya 2018 yaache mpaka urudi chuoni mwanangu. Uko ugenini.

Rehema: Sawa Mjomba.

Mama Mkubwa: Na chakula? Umekula nini?

Rehema: Wali na maharage Mama Mkubwa! Wanauita gallo pinto, wanachanganya kwenye kikaango mpaka wali unabadilika rangi. Kuna na nacatamal, unga wa mahindi umefungwa kwenye jani la mgomba, ila ndani huwa nyama ya nguruwe. Nimemweleza mama Lucía, kanitengenezea yangu ya kuku, sufuria mbali.

Mama Mkubwa: Mungu ambariki mama huyo. Mpe salamu zangu.

Zuhura: Dada, nani atakuwa zimwi gani? Wewe umevaa nini?

Rehema: Lucía anakuwa Cegua. Huyo ni mwanamke wa usiku, anawangoja wanaume wanaotoka kwa nyumba ndogo. Vazi ni la majani makavu, meno amefunika kwa ganda la ndizi mbichi ili sauti itoke kama ya mtu aliye kisimani, na nywele mpaka kiunoni za nyuzi za cabuya. Nimezishika hizo nywele nikamkumbuka Bibi. Ni mmea wa jamii ya mkonge, harufu ile ile ya katani.

Mjomba Hamisi: Mkonge wetu wenyewe asili yake ni pande hizo. Mjerumani Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, mbegu yake ni ya Mexico, ikapitia Florida. Bibi yenu alikata mkonge Ngomeni kabla sijazaliwa.

Zuhura: Bibi yuko hapa kitandani, anasema: "Mwambie nywele hizo zinawasha shingo. Apake mafuta ya nazi kwanza."

Rehema: 😂 Namwambia sasa hivi. Na Bibi, ukikutana na Cegua unatupa punje za haradali chini. Lazima aziokote moja moja, hapo unapata nafasi ya kukimbia. Asiyekuwa nazo anakutwa asubuhi kaduwaa, haongei la maana tena. Lucía anasema wake za watu hapa wanaipenda Cegua kuliko zimwi lingine lolote.

Juma: Nakubali hii siyo Halloween.

Rehema: Asante. Bibi, msindikizo ukianza hapa itakuwa saa mbili usiku, kwenu saa kumi na moja alfajiri. Zuhura ukimwamsha kwa swala niambie nirushe video. Bando ninalo.

JUMAMOSI ALFAJIRI

Zuhura: Bibi kashaswali, yuko na chai. Rusha.

Rehema: [video]

Rehema: Hao wa mbele wenye mienge ni vijana wa Monimbó. Baadhi ya nyumba mitaani zimezimwa taa makusudi. Bendi zinazofuata ni za tarumbeta, wanaziita chicheros, hazinyamazi. Samahanini kwa kelele.

Mama Mkubwa: Watoto wadogo wapo! Yule kabebwa mgongoni na fuvu lake. Hawaogopi?

Rehema: Wanaogopa Mama Mkubwa, wanalia, halafu wanaomba warudishwe mbele. Baba mmoja hapa pembeni yangu kavua kinyago akamwonyesha mwanawe, akakivaa tena, akavua tena. Mara ya tatu mtoto ndiye kamvalisha baba.

Rehema: [video]

Rehema: Mbwa hao wawili ni Cadejo. Mweupe anamsindikiza mtu aliyechelewa njiani mpaka mlangoni kwake. Mweusi anamuua. Mwanamke anayelia ni Llorona, alizaa na Mzungu wakati wa utumwa akamtupa mtoto mtoni, hajaacha kumtafuta. Yule aliyevaa dhahabu ni Mocuana wa Sébaco, binti wa mtawala. Alimpenda Mhispania, akamwonyesha dhahabu ya baba yake ilikofichwa. Yule bwana akaichukua na akamfungia pangoni.

Juma: Na padri asiye na kichwa?

Rehema: Huyo wapo wanaomhusisha na askofu wa kweli, Antonio de Valdivieso. Alikuwa akiwatetea wenyeji, wana wa gavana wa zamani, akina Contreras, wakamuua kwa kisu León tarehe 26 Februari 1550. Mji huo uliachwa baada ya tetemeko la 1610, magofu yake bado yapo chini ya volkano Momotombo. Watu wanasema mji ulilipa damu yake.

Mjomba Hamisi: Kumbe kila mmoja ana kesi.

Rehema: Ndiyo hiyo Mjomba! Ndiyo ninayosema tangu jana.

Rehema: [video] Bibi, hii isikilize kwa sauti kubwa. Magurudumu hayo.

Zuhura: Bibi kaweka kikombe chini. Anauliza ni gari la nini.

Rehema: Ni Carretanagua. Gari la ng'ombe la mifupa. Ng'ombe wawili mifupa mitupu, mwendeshaji ni Mauti, nyuma yake waliojifunika wamebeba mishumaa. Hili la leo limeundwa kwa mbao na mianzi, linavutwa na vijana kumi hivi, na mhimili hawaupaki mafuta ili ulie. Kwenye hadithi linapita saa saba usiku, mbwa wote wanabweka, hakuna anayefungua dirisha. Asubuhi unasikia mtu kafa mtaani. Na halikati kona. Likifika njia panda linatoweka, linatokea barabara ya pili.

Zuhura: Bibi anasema nimpe simu atoe sauti. Nitaiandika hapa kwa wasio na bando:

"Rehema mjukuu wangu. Njia panda hata kwetu si pa kuchezea, ndipo watu wanapoacha vya kuacha. Lakini hilo gari mimi nalijua. Sisi wadogo tulikuwa tunaambiwa jua likizama usitoke, gari la mumiani linapita. Halina taa. Wanakukamata, wanakuning'iniza, wanachukua damu yako kufanya dawa ya Wazungu. Tukisikia gari lolote usiku tunaingia mvunguni. Wengine wakisema ni gari la zimamoto, maana lilikuwa jekundu na halionekani likizima moto wowote. Muulize mama huyo gari lao lilikuwa la nani."

Rehema: Ngoja Bibi, naenda kumtafuta.

JUMAMOSI ASUBUHI

Rehema: Nimerudi nyumbani, hapa ni saa sita usiku. Nimemtafsiria mama Lucía sauti ya Bibi neno kwa neno. Kakaa kimya kidogo kisha kanijibu: gari lilikuwa la Wahispania. Kabla yao watu wa hapa hawakuwahi kuona gurudumu la kukokotwa wala ng'ombe. Wageni waliingia miaka ya 1520, Granada na León zikajengwa 1524, na muda mfupi baadaye wakaanza kukamata watu, kuwapiga chapa na kuwapakia melini kuwauza Panama na Peru. Maelfu kwa maelfu, vijiji vikabaki vitupu. Aliyelala akisikia magurudumu usiku alijua kesho kuna asiyeonekana.

Mama Mkubwa: Astaghfirullah. Kama Pangani enzi za utumwa.

Mjomba Hamisi: Na mumiani ni hivyo hivyo. Wasomi wa historia wameziandika hizo habari za mumiani, zilienea Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa mkoloni. Tulikuwa tunacheka tukiona ni ushamba wa wazee. Lakini mtu aliyelazimishwa kazi, akalipishwa kodi ya kichwa, akachukuliwa vitani asirudi, akisema "wananinyonya damu" amekosea nini?

Juma: Mjomba leo umeniamsha.

Rehema: Mimi nilikuwa naona hadithi za Bibi ni za kutulazia tu. Huku mtoto wa miaka mitano anajua Mocuana aliibiwa dhahabu na nani, kwa sababu kamwona akipita barabarani na kashika vazi lake. Sisi mumiani tumemwacha kwenye kichwa cha Bibi peke yake. Jamani inaniuma. Juma uko karibu, una simu nzuri, nenda ukae na Bibi umrekodi. Majina ya mahali, gari lilipita wapi, nani alipotea.

Juma: Nitakwenda Jumapili baada ya adhuhuri. Zuhura mwambie asimulie na ya zimwi la Amboni, ile ya mapango.

Zuhura: Anasema uje na sukari na majani ya chai, na usije na haraka.

Rehema: Mama Lucía naye ana hadithi moja kwa ajili ya Bibi. Juu ya mji huu kuna volkano Masaya, moto ulikuwa ukionekana kwa macho ndani ya shimo. Watawala wa zamani walikuwa wanakwenda ukingoni usiku kumuuliza bibi kizee aliyekuwa akitoka humo mambo ya vita na mavuno. Mhispania Oviedo alifika mwaka 1529 akaandika alivyosimuliwa: wageni walipokuja yule bibi akakasirika, akasema hatatoka tena mpaka waondoke. Mapadri wakasimika msalaba pale juu, wakaliita shimo hilo mdomo wa jehanamu.

Zuhura: Bibi anacheka mpaka chai imempalia. Anasema "hata mimi nisingetoka."

Mjomba Hamisi: Rehema, nitafutie kimoja cha waya, chenye masharubu. Shangazi yenu anakitaka apeleke Newala wakakione.

Rehema: Nimeshaagiza Mjomba, kesho kinapakwa rangi ya mwisho. Na fuvu nililobandika mwenyewe nakuja nalo Desemba.

Mama Mkubwa: Cha masharubu karibu. Hilo fuvu kwangu haliingii, utalifikishia kwa mjomba wako huko huko Mtwara.

Rehema: Haya Mama Mkubwa 🙏 Nalala sasa. Jumapili ndipo nitakapoulizia kama Juma kaenda.