Nani kawaambia ndoo ya asali ni kilo 20? Wafugaji wa nyuki tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu, naandika kutoka Sikonge, Tabora, na nina hasira kwelikweli.

Msimu wa kurina umefika na wanunuzi wameshaingia vijijini. Sikilizeni hesabu wanayotupigia. Mnunuzi anakuja na heshima zote: "Mzee wangu, mwaka huu kilo nakupa 6,000." Mnakubaliana. Anaweka chini ndoo ya lita 20, anasimama pembeni mpaka uijaze hadi mdomoni, povu likishuka anakwambia ongeza. Halafu anahesabu: kilo 20 mara 6,000, laki moja na ishirini hii hapa, weka sahihi.

Hizo kilo 20 zimetoka wapi? Ishirini ni lita! Maji ndiyo lita moja kilo moja. Asali ni nzito, lita moja ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ile ina kama kilo 28. Kwa bei aliyoitaja kwa mdomo wake mwenyewe alitakiwa anilipe 168,000. Kila ndoo anaondoka na 48,000 yangu, na akifika Dar anaiuza kwa kilo, tena juu ya mizani. Huko hakosei hata gramu moja.

Safari hii nilitoa mizani. Akaiangalia, akasema hapa wote wananunua kwa ndoo, kama sitaki nikae na asali yangu. Na kweli ni wote, utadhani walikaa kikao. Jirani yangu anadaiwa michango ya shule, yeye atasubiri nini? Kauza. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo, na vita ya lumbesa, ule ujazo wa gunia kupita kipimo, ya viazi na vitunguu tumeisikia miaka yote. Lumbesa ya asali nani anaishughulikia?

Ukibisha, zinaanza kasoro. Mara asali ni nyeusi. Ndugu, hii ni asali ya miombo, rangi inatokana na maua, ulitaka nyuki wafanyeje? Mara imeganda, basi umetia sukari. Asali halisi inaganda! Ni glukosi iliyomo inayojikusanya chembechembe. Weka chombo kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka yenyewe bila kuchemshwa.

Kinachonikera kuliko vyote ni kiberiti. Anachovya njiti kwenye asali yangu, anaikwaruza, isipowaka anatangaza mbele ya watu kwamba nimechakachua, na bei inashuka palepale. Kiberiti hakiwezi kutofautisha asali na shira nzito ya sukari. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, kwa asili yake ina maji mengi na ni nyepesi, kwa kipimo chao hicho ingeitwa feki, ilhali ndiyo wanayoigombania kwa bei kubwa. Unyevu wa asali unapimwa kwa refraktomita, na sijaona mnunuzi hata mmoja aliyekuja nayo huku. Na nyie wa mjini mnaosambaziana video za kupima asali kwa njiti na glasi ya maji, mjue mnampa dalali fimbo ya kutuchapia.

Najua kuna atakayesema, "Si muuze wenyewe?" Tumejaribu. Chupa, lebo, alama ya TBS, nauli, vyote vinataka hela kabla hujauza tone. Duka kubwa likikubali, linachukua kwa mali kauli, na malipo unayafuatilia mpaka msimu mwingine unaingia. Mwenye mizinga michache ya magogo hawezi kubeba mzigo huo.

Ninachodai ni mizani iliyohakikiwa kwenye kila kijiji kinachouza asali, na mnunuzi anayekataa kupima asiruhusiwe kupakia. Kama kuna mtu wa Wakala wa Vipimo humu, njoo siku ya gulio bila kutangaza, ujionee. Ushuru wa halmashauri unakusanywa bila shida, iweje mizani ishindikane?

Na wenzangu wa Itigi, Inyonga, Kibondo, kama kikundi chenu kimefanikiwa kuuza kwa kilo, semeni hapa mliwabanaje hawa watu. Mlikubaliana kijiji kizima kutouza kwa ndoo? Wale wenye shida ya haraka mliwasaidiaje wasiuze pembeni? Nataka maelezo kabla wanunuzi hawajarudi.