Huyu mjuaji wa steshenari ya pale stendi leo kanitia aibu mbele ya foleni nzima!!!

Wakuu naandika nikiwa kwenye daladala na hasira zangu zote, mods naomba msiuhamishe huu uzi. Yule jamaa wa steshenari pale stendi, mnamjua, sitaji jina, yule anayesahihisha kila karatasi inayopita mbele yake hata kama ni kadi ya kliniki, leo kanifanyia kitu ambacho sijawahi kufanyiwa tangu nizaliwe.

Nimempelekea flashi, ndani kuna barua ya kuomba kazi chuoni, nimeiandika usiku mwenyewe nikaipitia mpaka macho yakauma. Juu nimeandika The Principal, chini jina la chuo, chini sanduku la posta. Kazi yake yeye ni kuprinti. KUPRINTI TU. Nimesimama nje ya nondo namwangalia, naona kile kimstari kinachowakawaka kinapanda juu kwenye anuani, naona kidole kinafuta a na l, kinaweka l na e. The Principle! Nikamwambia kaka hapo usiguse, rudisha ilivyokuwa. Hata kugeuka hajageuka. Akapaza sauti mpaka muuza mahindi ng'ambo akasikia: "Dada, principle ndo mkuu wa chuo. Principal ni hela ya mkopo kabla ya riba. Kwani wewe unaomba kazi au unaomba mkopo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna mama alikuja kulaminisha cheti, kacheka mpaka kakaa kwenye ndoo. Kuna watoto wa sekondari walikuja kutoa kopi, wakaanza kunong'onezana "mkopo, mkopo" huku wananiangalia viatu.

Unaomba kazi au unaomba mkopo! Mimi! Sikilizeni, principal ni mkuu wa chuo, na NDIYO ni hela ya mkopo pia, ni neno hilohilo moja, maana yake kitu kikuu, ndo maana matokeo ya form six yana principal pass. Principle ni kanuni, ni msimamo wa mtu, ni ile ya Archimedes tuliyokaririshwa kwenye fizikia. Haijawahi kuwa mtu hata siku moja, haina ofisi, haina sekretari, haipokei barua ya mtu!

Na karatasi ikatoka hivyohivyo na hela yake akataka, eti wino umeshatumika. Nimelipa hiyo, nikalipa tena ya kurudia, na barua mwisho leo saa tisa. Halafu juu ya kichwa chake kuna bango kubwa jekundu limeandikwa STATIONARY. Kwa a! Yaani duka limesimama, halitembei! Mtu kashindwa kuandika jina la duka lake mwenyewe ndo ananiuliza mbele za watu naomba kazi au naomba mkopo. Hivi hana ndugu wa kumwambia?

Kokoto: Huyohuyo! Kwenye CV yangu niliandika personnel officer, akaona herufi zimezidi akanipunguzia, ikawa personal officer. Kwenye usaili wakaniuliza ulikuwa ofisa binafsi wa nani, nikabaki natoa macho.

Mzee wa Kaptula: Kumbe form six nilipata mikopo miwili na subsidiary moja na mpaka leo sijaingiziwa hata senti 😂😂

Bint Chumvi: Na form one sisi tulisoma habari za mkuu wa chuo wa Archimedes, alizamishwa kwenye maji tukapima uzito wake.

Sharubu: Dada, barua mwisho saa tisa, saa hizi saa nane na nusu, uko humu unaandika gazeti. Umeshaipeleka?

Mleta uzi: NIKO NJIANI, gari haisogei kabisa! Na usinibadilishie mada, mtu kaniuliza naomba mkopo mbele ya foleni!

Sharubu: Basi hiyo daladala ndo stationary yenye a. Bango la jamaa lihamie hapo.

Makabrasha: Naomba nimtetee kidogo kwenye bango. Maneno yote mawili, stationary ya kusimama na stationery ya karatasi, yana asili moja. Zamani Ulaya muuza vitabu na karatasi aliyekuwa na kibanda cha kudumu waliita stationer, kwa sababu hakuwa machinga wa kuzunguka. London walikuwa na chama chao tangu 1403, na hati ya kifalme wakapewa 1557. Tofauti ya leo ni herufi tu, kariri e ya envelope.

Bint Chumvi: Hatujaomba tuisheni.

Kokoto: Kwa hiyo jamaa yuko sahihi tangu 1403?? Mleta uzi umesikia?

Mleta uzi: HAYUKO SAHIHI. Kafuta a na l kwa kidole chake, nimemwona!

Karani Nairobi: Huku Kenya shule ya upili iko na principal so hapo hatukosei. Shida yetu ni watu wa "borrow me thao", yaani elfu moja. Ukiborrow ni wewe unachukua, mimi nikikupa ndio nalend. Jamaa ameniborrow tangu mwaka jana na hajawahi rudisha.

Mzee wa Kaptula: Hapo mlaumu Kiswahili, kuazima ni pande zote mbili, nimeazima kwako na nimekuazima wewe.

Makabrasha: Sio kweli kwamba tumekosa maneno, kukopa na kukopesha si tunazo?

Karani Nairobi: Maneno iko, thao yangu ndio haiko.

Mzee wa Tunduma: Nyie mna matatizo madogo. Mimi naendesha tenki la mafuta, nyuma limeandikwa HIGHLY INFLAMMABLE. Tingo wangu mpya kakaa pale nyuma katoa sigara na kiberiti. Nimempigia kelele ananijibu bosi tulia, incorrect ni sio correct, incomplete ni sio complete, kwa hiyo hii ni ile isiyoshika moto. Nilimtoa pale kwa kofi.

Kokoto: Subiri kwanza, kwani haina maana hiyo???

Makabrasha: Flammable na inflammable maana ni moja, zote zinawaka. Hiyo in sio ya kukanusha, inatokana na neno la Kilatini la kuwasha moto. Isiyowaka wanaandika non-flammable.

Kokoto: Nina kopo la rangi nimeliweka karibu na jiko wiki nzima. Narudi.

Sharubu: Kokoto kimbia ndugu yangu 😂😂😂

Bint Chumvi: Tingo wako hana kosa, hao wenye lugha yao ndo wahuni.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada! Unaomba kazi au unaomba mkopo, hiyo ni kauli ya kumwambia mteja???

Mzee wa Tunduma: Na kofi lenyewe kaenda kunishtaki kwa tajiri.

Kokoto: Nimelitoa. Lilikuwa la moto.

Sindano na Uzi: Samahani nimechelewa kufika, hapo kwa jamaa bado anapiga picha za pasipoti? Background ya bluu anayo au nyeupe tu?