Tupeane uzoefu: tamko la usalama kazini katika idara za tiba za vyuo vikuu

Mwenye mada
Ndugu zangu, tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, idara yetu ilibandika upya tamko la dhamira ya usalama, lenye saini ya mkuu wa idara na fremu ya kioo. Chini yake kuna sinki la kunawia macho ambalo halitoi maji. Mliosoma au kufanya kazi katika idara za namna hii, ni tukio gani lililowaonyesha kama dhamira hiyo ipo kweli?

Mkufunzi wa Anatomia
Kwetu ni formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Feni ya kutolea hewa ikifa, wanafunzi hupasua maiti huku machozi yakiwatiririka, nasi tuliambiwa tunywe maziwa baada ya kipindi. Kemikali iliyomo ilithibitishwa tangu 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Mzee wa Chumba cha Maiti
Maziwa yanasaidia, mwalimu. Nimeyanywa miaka mingi na kifua changu ni kizima.

Mkufunzi wa Anatomia
Shikamoo mzee, lakini maziwa huenda tumboni na mvuke huenda mapafuni. Tudai feni.

Fundi Sanifu Maabara
Mada hii imenirudisha mbali. Nikiwa na mwaka wa pili kazini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dada wa usafi alinyanyua mfuko mweusi wa taka za kawaida, ukamgusa paja, akapiga kelele. Ndani yake mlikuwa na sindano ya kutolea damu ambayo mtu alishindwa kuipeleka hatua nne tu hadi kwenye kisanduku cha njano. Tundu lilikuwa dogo kama la mbu, na tone moja la damu likaingia kwenye kitenge chake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, usiseme, watanifukuza."

Tuliosha kwa maji na sabuni, nikampeleka kwa msimamizi. Daftari la ajali lilikuwa na safu ya cheki namba, yaani namba ya mtumishi wa serikali, na yeye, kwa kuwa aliajiriwa na kampuni ya usafi, hakuwa nayo. Msimamizi aliuliza kwa dhati kabisa amwandike wapi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72, lakini sisi hadi saa tano tulikuwa tunatafuta barua ya idhini. Alimeza kidonge cha kwanza saa tisa alasiri, akaendelea siku 28, akisumbuliwa na kichefuchefu huku akideki korido zetu. Chanjo ya homa ya ini B hakuwa nayo, ingawa asiye na kinga akichomwa na sindano yenye virusi hivyo anaweza kuambukizwa hadi mara 30 katika 100, wakati kwa VVU ni takriban 3 katika 1,000. Tamko letu la ukutani lilisema "wafanyakazi wote".

Kijana wa Wodi
Mngekamua damu itoke kwanza.

Muuguzi Mstaafu
Usikamue, mwanangu, wala usisugue. Ni maji yanayotiririka na sabuni, basi.

Kijana wa Wodi
Sisi tulifundishwa kukamua.

Muuguzi Mstaafu
Basi mlifundishwa vibaya, na ninasema hivyo kwa uchungu kwa sababu nami nilifundisha hivyo zamani.

Mwakilishi wa Wafanyakazi
Aliyetupa sindano alipatikana? Asipowajibishwa hamtapona. Andikeni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi; Sheria Na. 5 ya 2003 ipo.

Fundi Sanifu Maabara
Hatukumtafuta. Msako ukianza, watu wanaficha majeraha. Nilichokifanya ni kuifuta kwa mstari ile safu ya cheki namba.

Mfamasia
Nakuunga mkono.

Mwakilishi wa Wafanyakazi
Mimi sikubali. Mtu akijua hataulizwa, kesho atatupa nyingine.

Mwenye mada
Huyo dada alisalimika?

Fundi Sanifu Maabara
Kipimo cha miezi mitatu baada ya ajali kilitoka salama. Chanjo ya homa ya ini alipata dozi ya kwanza siku ile ile, na ya pili baada ya mwezi. Dozi ya tatu ilipofika, miezi sita baada ya ile ya kwanza, mkataba wa kampuni yake ulikuwa umekwisha, na simu yake haikupatikana tena.