Tiketi mbili, mechi moja Kinnick 2025: Indiana, Penn State au Oregon?

Baba_Coralville (12 Julai 2025)

Habari zenu wote. Naomba mawazo kabla sijatoa hela. Mwanangu anatimiza miaka 14 mwaka huu na hajawahi kukanyaga ndani ya Kinnick, uwanja wa Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa. Mechi zote za Hawkeyes ameziona sebuleni, jezi nyeusi mwilini, namba zote za wachezaji anazo kichwani. Nimemwahidi mechi moja kubwa. Uwezo wangu ni viti viwili, basi.

Mechi za nyumbani ziko saba: Albany 30 Agosti, UMass 13 Septemba, Indiana 27 Septemba, Penn State 18 Oktoba, Minnesota 25 Oktoba, Oregon 8 Novemba na Michigan State 22 Novemba. Nimechuja, nimebaki na Indiana, Penn State na Oregon. Zote tatu zilifika hatua ya mtoano ya timu 12 ya kutafuta bingwa wa vyuo msimu uliopita.

Sitafuti jina kubwa tu. Nataka mechi ambayo Iowa ina nafasi ya kweli ya kushinda, na ambayo itatuambia kama timu hii imebadilika au bado ni ile ya kulinda tu na kuupiga mpira mbali kwa mateke. Ninyi mnaoifuatilia miaka mingi, mngechagua ipi?

---

Shabiki319

Kaka, karibu. Kabla ya kulinganisha wageni, tujipime wenyewe.

Msimu wa 2023 tulishinda mechi 10 huku tukifunga wastani wa pointi 15.4. Nakumbuka nilikuwa nashangilia teke la Tory Taylor, mpigaji wetu wa mateke ya mbali, kama watu wengine wanavyoshangilia tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja kwa pointi sita), maana mpira ukishatua yadi tano kutoka kwenye mstari wao, ulinzi wa kocha Phil Parker unamaliza kazi. Mwaka jana akaja Tim Lester kusimamia mashambulizi, wastani ukapanda karibu na pointi 28. Lakini angalia zilitoka wapi: mkimbiaji wetu Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537. Kurusha mpira kulibaki palepale, kama yadi 130 kwa mechi, na tulibadilisha makotabeki (wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira) watatu. Tukaishia 8-5, yaani kushinda nane na kufungwa tano. Sasa Johnson yuko ligi ya kulipwa, Pittsburgh na Steelers.

Kwa hiyo swali la 2025 ni moja: Mark Gronowski. Kijana ametoka South Dakota State, ameanza mechi 55 na kushinda 49, ana mataji mawili ya FCS, daraja la chini ya letu. Hatujapata kotabeki mwenye rekodi ya namna hiyo tangu nianze kuifuata timu hii. Anarusha, na akibanwa anakimbia mwenyewe, tena ana mwili wa kugongana. Mbele yake ana ukuta wa kumkinga, wanaume waliokomaa: Logan Jones katikati, Gennings Dunker kulia, Beau Stephens. Ukuta ule ndio ulimfungulia Johnson njia.

Chaguo langu ni Indiana. Nitaeleza baadaye, naingia kazini.

---

Kamau_DesMoines

Mimi nasema Penn State, na sihitaji kufikiria mara mbili.

Oktoba 2021 nilikuwa pale. Sisi tulikuwa namba 3 nchini, wao namba 4. Walikuwa wanaongoza 17-3, halafu kotabeki wao Sean Clifford akaumia, na kutoka hapo kelele za uwanja zikageuka silaha. Mbadala wake hakuweza hata kusikilizana na wenzake kuhusu lini mpira uanzishwe. Walikuwa wanaondoka kabla ya wakati, adhabu juu ya adhabu. Tulishinda 23-20. Mashabiki walimwagika uwanjani. Mzee mmoja asiyenijua alinikumbatia akilia. Mtoto wa miaka 14 akiona kitu kama hicho hatasahau mpaka anakuwa babu.

Na si 2021 peke yake. 2008 walikuja hawajafungwa, wakalala 24-23 kwa teke la Daniel Murray. Kinnick ina historia na timu zinazokuja na vichwa juu: Michigan 14-13 mwaka 2016, Ohio State 55-24 mwaka 2017.

---

Uvira_Iowa

Ndugu Kamau, historia ni nzuri lakini haichezi. Ulisahau 2023? Kule kwao walitufunga 31-0. Sisi hatukupata hata pointi moja.

Na Penn State wa mwaka huu ni wabaya zaidi. Walifika nusu fainali, wakafungwa na Notre Dame 27-24. Kotabeki wao Drew Allar amerudi. Wakimbiaji wao wawili, Singleton na Allen, wote wamerudi. Halafu wamemchukua Jim Knowles, aliyekuwa anaongoza ulinzi wa Ohio State waliobeba kombe. Abdul Carter na Tyler Warren wameondoka, sawa, lakini timu ile imejengwa kwa ajili ya mwaka huu. Kumpeleka mtoto kuona mechi yake ya kwanza halafu arudi nyumbani kimya? Mimi ningemhurumia.

---

Mama_Ghorofa12

Jamani, mimi mpira naujua kidogo kidogo kwa sababu watoto wa wodini wananifundisha. Nafanya kazi hospitali ya watoto, hiyo iliyo jirani na uwanja, na ghorofa ya 12 madirisha yake yanatazama ndani ya Kinnick moja kwa moja.

Baba, mechi yoyote utakayochagua, fika mapema na usiondoke kwenye kiti robo ya kwanza ikiisha. Hapo ndipo watu wote, mashabiki wetu na wa wageni, wachezaji, waamuzi, wanageuka na kutupungia mkono juu. Ilianza 2017. Ninyi mnaiona kutoka chini. Mimi naiona kutoka upande wa pili. Mwaka jana nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha mtoto wa miaka kama sita, dripu mkononi, na mkono ule mwingine ulikuwa dhaifu sana. Mama yake alimshika kiwiko akampandisha ili naye apunge. Alisema, "Wote hao wananiona mimi?" Nikamwambia ndiyo, wote.

Mechi ikiwa ya usiku watu wanawasha tochi za simu, na chini kote panametameta. Mwambie mwanao apunge kwa nguvu. Huku juu tunaona.

---

Baba_Coralville

Dada, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na mara ya pili nimemwita mke wangu asome. Ahsante sana.

Shabiki319, bado tunakungoja kwa Indiana. Na kuna yeyote anayeitetea Oregon?

---

Shabiki319

Nimerudi. Indiana, kwa sababu tatu zinazoshikana.

Kwanza kalenda. Sisi tunacheza na Rutgers Ijumaa tarehe 19, kwa hiyo tuna siku nane za kujiandaa. Wao wanacheza na Illinois Jumamosi tarehe 20, na Illinois hawatawaachia waondoke bila michubuko.

Pili, Indiana wa 11-2 walikuwa na kotabeki Kurtis Rourke. Ameondoka. Wamemleta Fernando Mendoza kutoka California, kijana mzuri, lakini hii itakuwa mechi yake ya kwanza ya ugenini akiwa na jezi ya Indiana. Safari yao ya kwanza nje msimu huu ni hapa kwetu. Sijui kama kuna mahali pagumu zaidi pa kujifunzia ishara mpya na wenzako kuliko Kinnick.

Tatu, mapema msimu Gronowski atakuwa mzima. Alifanyiwa upasuaji wa bega na hakushiriki mazoezi ya machipuko, na ana mtindo wa kukimbia akigongana. Ukifika Novemba baada ya Wisconsin, Penn State na Minnesota, sina hakika atakuwa katika hali gani. Simwombei mabaya. Nasema tu mwili ni mwili.

Curt Cignetti, kocha wao, ninamheshimu, amebadilisha timu iliyozoea kufungwa. Lakini kati ya hizo tatu, hii ndiyo tunaweza kushinda bila kuombea miujiza. Na ndiyo itakayoamua kama tunazungumzia ushindi wa mechi 7 au 10.

---

Binti_Kigoma

Oregon naitetea mimi! Watu wanaogopa jina tu.

Walimaliza 13-1, wakachukua ubingwa wa Big Ten, ligi yetu, mwaka wao wa kwanza tu wa kujiunga, wakaja kufungwa na Ohio State 41-21 kule Rose Bowl. Lakini kotabeki wao Dillon Gabriel ameenda kwa Browns, timu ya kulipwa, na anayetegemewa sasa ni Dante Moore, ambaye mwaka jana alikuwa benchi. Sisi tarehe 1 Novemba tunapumzika, kwa hiyo Phil Parker atakuwa na wiki mbili za kuwasoma. Ni kweli nao wanapumzika wiki hiyohiyo. Lakini Parker na wiki mbili mimi namwamini kuliko kocha yeyote.

Halafu Novemba hapa Iowa mnaijua. Upepo ule unaopita kwenye kona ya uwanja, mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Timu inayotegemea kurusha mbali itateseka. Sisi tukitaka pointi tatu za teke tuna Drew Stevens; Nebraska mwaka jana aliwapiga teke la yadi 53 muda ukiwa umeisha, tukashinda 13-10. Na kwenye kudaka mateke ya wapinzani na kukimbia nayo kuna Kaden Wetjen, mrudishaji bora wa nchi nzima mwaka jana. Mechi ngumu za baridi huamuliwa na watu hao wawili.

---

Uvira_Iowa

Dada yangu, kuhusu Wetjen na Stevens nakubali kabisa. Kuhusu ulinzi, hapana. Jay Higgins ameondoka. Nick Jackson ameondoka. Sebastian Castro na Quinn Schulte wameondoka. Higgins ndiye alikuwa anawapanga wenzake kabla mpira haujaanzishwa; mtu akisimama vibaya unamwona anamvuta kwa mkono. Aaron Graves, Hurkett na Llewellyn wapo mbele, Nwankpa yupo nyuma, lakini katikati ni sura mpya. Parker hujenga watu wapya kila mwaka, ila anahitaji muda.

Na hapo ndipo sikubaliani na Shabiki319 pia. Septemba sura hizo mpya hazijaiva. Mendoza anaweza kutupigia pasi za katikati mchana kutwa.

---

Kamau_DesMoines

Ndugu Uvira, basi kwa hesabu yako mwenyewe jibu ni Oktoba. Walinzi wameshaiva kwa mechi sita, na Gronowski bado mwili haujachoka. Unaniunga mkono bila kutaka.

---

Uvira_Iowa

Umenishika. Lakini bado nasema Penn State watashinda. Ila nakubali kwamba hiyo ndiyo tarehe ambayo Iowa itakuwa Iowa kamili.

---

Shabiki319

Kamau, hapo umesema kitu. Jambo moja tu ningeongeza: kocha wetu Kirk Ferentz anahitaji ushindi mara mbili ili ampite Woody Hayes wa zamani wa Ohio State, mwenye 205, awe kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika Big Ten. Yupo tangu 1999. Tukienda sawa itatokea mapema Septemba, huenda kwa UMass, na tiketi ya UMass ni nafuu sana kuliko hizi tatu. Baba, ukishindwa na bei, usidharau hiyo.

---

Baba_Coralville (14 Julai 2025)

Nimekaa na mwanangu mezani jana usiku, nikamsomea yote. Tulipofika pale kwa Kamau, mzee aliyelia, mwanangu akanyamaza. Halafu akauliza kama Penn State wakitufunga nitakasirika kwa kupoteza hela. Nikamwambia hapana.

Shabiki319, hoja zako za Indiana ndizo zenye nguvu zaidi kimahesabu na nadhani hiyo ndiyo mechi tutakayoshinda. Tutaiangalia nyumbani. Lakini nimenunua Penn State, 18 Oktoba, viti viwili juu, tunatazamana na hospitali. Mama_Ghorofa12, siku hiyo utakuwa zamu?

---

Mama_Ghorofa12

Ratiba ya Oktoba haijatoka, ila nimeshaomba Jumamosi hiyo. Niandikie safu na namba za viti. Kuna mtoto hapa mwenye darubini.