Simu na vishikwambi kanisani: tupeane uzoefu, hasa tulioko Unguja na Pemba

Mzee wa Zamu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Bwana asifiwe kwa wa madhehebu mengine, na salamu kwa majirani zetu Waislamu mnaopita hapa.

Naomba tupeane uzoefu juu ya simu ndani ya ibada. Halmashauri ya parokia yetu inakaa mwezi ujao, na ajenda ya kwanza ni hiyo. Wako wanaotaka kila simu iachwe mlangoni, itiwe kwenye kikapu, mtu achukue yake akitoka. Mie nimetakiwa niseme kwa niaba ya wazee wa zamu. Kabla sijasema nataka kusikia yaliyowakuta wenzangu, nami naanza na langu maana linanikaa rohoni.

Ilikuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, misa ya kwanza. Nimesimama mlangoni, nikaona mwanga wa kioo benchi la tatu upande wa kina mama. Bi mkubwa mmoja, umri wake umeshapita sabini, kakiinamia kishikwambi uso karibu uguse. Nikamwendea kwa kunyata, nikamwambia sikioni, "Mama, kizime hicho, tupo ibadani." Hakubisha. Alikizima, akakitia kwenye mkoba wake wa ukindu, akafumbata mikono juu yake. Tangu hapo hakufungua kinywa. Zaburi iliimbwa, watu wakaitikia, yeye kimya. Mie nikarudi mlangoni nikiona nimefanya kazi yangu.

Tulipotoka, mjukuu wake akanifuata. Mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, hana hasira. Akaniambia, "Babu, bibi ana mtoto wa jicho. Misale haisomi tena. Mimi humwekea masomo Jumamosi usiku, nayakuza." Akanifungulia nione. Kioo kizima kilikuwa na maneno manne tu: *Bwana ndiye mchungaji wangu*. Kila herufi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kishikwambi chenyewe ni cha mama yake, mwalimu wa skuli, katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakapewa walimu.

Jumatatu nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akasema, "Yamekwisha, baba." Jumapili iliyofuata alikuja bila kishikwambi, akakaa benchi la mwisho. Na bado anakaa hapo.

Haya, nawasikiliza.

Mkunga wa Ng'ambo

Pole, mzee wangu. Umefanya vyema kwenda kwake, wengi hatuendi.

Mimi kikapu cha mlangoni hakinifai. Kuna Jumapili sipo kazini lakini ni wa kuitwa. Simu ikilia sina ruhusa ya kusema sikusikia. Huiondoa sauti, naiweka ndani ya mkono wa gauni ili nihisi ikitetemeka, na nakaa pembeni kabisa karibu na mlango wa ubavuni. Mwaka jana niliitwa katikati ya mahubiri. Nilitoka nimeinama, kwa aibu, na nyuma yangu nikasikia mtu anasema kwa sauti ya kusikika, "Hawa ndio wanaokuja kanisani kuchati." Nikaenda hivyohivyo. Mama yule alikuwa anavuja damu tangu alfajiri. Alijifungua salama, na mtoto yu hai. Lakini lile neno nililichukua mpaka wodini, na kila nikiingia kanisani na simu nalikumbuka.

Mkiamua, tafadhali mtukumbuke sisi.

Alto

Naomba niseme upande wa pili, na nisieleweke vibaya, kwa sababu nakubaliana na waliotangulia.

Ijumaa Kuu tulikuwa tunaabudu Msalaba. Mstari mrefu, kimya, kwaya tunaimba taratibu. Mzee mmoja akapiga magoti kwa shida, anashikiliwa na mwanawe, akajivuta mbele abusu miguu ya Yesu. Papo hapo dada mmoja wa kwaya yetu, aliyesimama kando yangu, akanyanyua simu na taa ikiwaka. Mwanga ukampiga yule mzee usoni. Akageuka kutazama taa, akafumba macho, akanyanyuka kabla hajabusu. Siku hiyo sikuweza kuimba tena. Video ikapandishwa mtandaoni saa hiyohiyo. Watu wakaweka mioyo.

Tarehe 8 Novemba 2017 Papa Fransisko alilisema jambo hili waziwazi mbele ya mahujaji Vatikani. Alisema padri anapotuambia tuinue mioyo, hasemi tuinue simu tupige picha, na kwamba inamhuzunisha kuona simu nyingi zimenyanyuliwa kwenye misa, za waumini, na hata za mapadri na maaskofu. Nikisikia "Inueni mioyo" siku hizi ndilo linalonijia.

Tena kwaya tumeacha kukariri. Zamani wimbo mpya tuliufanyia mazoezi wiki tatu, kila mtu na sauti yake kichwani. Sasa maneno yako kwenye simu, tunaimba tumeinamisha vichwa kama tunatafuta sindano, na mwalimu anapunga mikono peke yake mbele yetu. Umeme ukipungua na simu hazikuchajiwa, nusu ya kwaya haipo.

Mtembeza Wageni

Mimi kazi yangu ni Mkunazini, nawaonesha wageni kanisa kuu la Anglikana. Asubuhi za Jumapili ndipo ninapopata tabu. Mgeni amesafiri mbali, ameambiwa hapa palikuwa soko la watumwa, anataka kuona pale mbele ya altare, duara la marumaru linaloonesha mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watu viboko. Anaingia na simu mkononi inarekodi. Hajui kwamba wale waliopiga magoti juu ya mahali hapo wanapokea Sakramenti. Kwake ni jumba la historia, kwetu ni kanisa linaloishi.

Siku moja mgeni alisogea mpaka nyuma ya mama aliyekuwa anasali na kwikwi, akamrekodi. Nilimshika mkono nikamtoa. Akaniuliza, "Mbona na yeye ana simu?" Kweli alikuwa nayo, anasoma sala humo. Nilikosa la kumjibu kwa haraka. Nimelifikiri sana tangu siku ile. Simu ya yule mama ilikuwa inamtazama yeye, na ya mgeni ilikuwa inamtazama mwenzake.

Na kuhusu kusoma Neno kwenye kifaa: Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile na kuzikwa humo nyuma ya altare, alichapisha maandiko ya Kiswahili hapahapa Unguja kwa mashine, na vijana waliotolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi. Wakati huo hiyo mashine ndiyo iliyokuwa kitu kigeni.

Katekista, Pemba

Huku kwetu Wakristo ni wachache na padri hafiki kila Jumapili, kwa hiyo ibada ya Neno naongoza mimi. Vitabu vya masomo vimechakaa, kurasa zimeliwa na mchwa. Nikaanza kusoma kwenye simu. Miezi minane hakuna tatizo.

Halafu Jumapili moja umeme ulikatika tangu Ijumaa. Nilidhani chaji itatosha. Nimefika kwenye Injili, mwana mpotevu anarudi, "alipokuwa angali mbali, baba yake alimwona", kioo kikawa cheusi. Watu wamesimama, wananitazama. Nikajaribu kumalizia kwa kichwa. Nilikuwa nayajua maneno, lakini hofu ilinishika, nikachanganya. Bibi mmoja wa mbele ndiye aliyeendelea, polepole, neno kwa neno mpaka mwisho, na watu wakaitika. Yule bibi hajui kusoma. Aliishika Injili kwa kuisikia.

Tangu siku hiyo Jumamosi jioni nanakili masomo yote kwenye daftari la mistari kwa kalamu ya wino. Simu naibeba, lakini inakaa mfukoni.

Ila nisikatae lingine. Msimu wa karafuu, watu wanakuja kanisani karafuu zao zimetandazwa kwenye majamvi uani. Zinataka siku kadhaa za jua kali, na zikirowa zinaharibika, kazi ya mwaka imekwenda. Ibada iliyopita ya msimu, simu ya mzee mmoja ilitetemeka. Jirani yake, Muislamu, alikuwa ameona wingu linakuja kutoka baharini. Mzee akatoka mbio, na vijana wetu wanne wakamfuata. Wakakuta yule jirani na wanawe wameshaanua nusu. Sikuwakemea. Niliongoza Sala ya Bwana na waliobaki.

Jirani wa Msikitini

Asalaam alaikum. Kwetu mambo ni hayohayo. Kabla ya sala imamu anatuambia tunyooshe safu na tuzime simu, na bado inalia moja kwenye rakaa ya pili, tena kwa muziki. Masheikhe wametufundisha kwamba ikilia, mwenyewe aizime kwa mkono mmoja, harakati ndogo, asiiache iwavuruge watu wote kwa kuogopa kuharibu sala yake. Mzee wa Zamu, Mungu akulipe kwa kumfuata yule mama nyumbani.

Kijana wa Mpendae

Mimi Biblia yangu iko kwenye simu na nitasema kweli. Nafungua Warumi 8, sijafika mstari wa tatu, juu ya kioo unashuka ujumbe. Sikuufungua, lakini nimeshausoma. Mahubiri yamenipita. Dawa niliyoipata ni kupakua Biblia nzima nikiwa nyumbani, kisha nikiingia kanisani naiweka simu kwenye hali ya ndege mpaka baraka ya mwisho. Inasoma bila bando. Na mjue wengine wakati wa matoleo tunatuma sadaka kwa simu; msione vidole vinakwenda mkadhani ni mengine.

Mzee wa Zamu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni sana.

Nilimuuliza padri wetu nini kanisa linasema. Akanifafanulia kwamba kuna mambo ya altareni na mambo ya benchini. Mwaka 2012 maaskofu Katoliki wa New Zealand waliandika kwamba padri asiweke kishikwambi mahali pa Misale altareni, kwa sababu kitabu kile kimetengwa kwa kazi hiyo tu, na kifaa kile kina michezo na barua pepe ndani yake. Lakini muumini aliyeketi na kufuata masomo, hilo hawakulikataza.

Kwenye kikao nitapinga kikapu. Nitaomba taa na kurekodi vikatazwe kabisa, na kwa wageni pia, tuweke maandishi mlangoni kwa Kiswahili na Kiingereza. Nitaomba benchi la karibu na mlango wa ubavuni liachiwe wauguzi na wote wa kuitwa. Msomaji asome kwenye kitabu, na vitabu vilivyoliwa na mchwa tuvichangie. Katekista wa Pemba, naomba uniandikie pembeni ni vipi vinakosekana huko. Tutaona la kufanya. Na sisi wazee wa zamu tusimguse mtu bega kabla hatujajua anasoma nini.

Jana jioni nilipita tena kwa bi mkubwa. Nilimkuta barazani anachambua mchele, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nikamwambia nafasi yake benchi la tatu iko wazi, upande wa dirishani, mwanga wa jua haupigi kioo. Hakunijibu kitu. Alimwita mjukuu wake, akamwuliza kama kishikwambi kina chaji.